Nyonga imesagika, wanangu wamegawanyika: nikapasuliwe au nisubiri?

Barua ya msomaji

Mshauri wetu, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 61, mjane, mkazi wa Tanga mjini. Kazi yangu ni ushonaji. Nimeshona tangu usichana wangu: sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, na cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha wanangu wanne baada ya baba yao kufariki.

Maradhi yangu yalianza kama maumivu ya goti la kulia. Nikikaa muda mrefu kwenye cherehani, wakati wa kuinuka lazima nishike meza nisimame kidogo, ndipo mguu ukubali kwenda. Nilikwenda hospitali, goti likapigwa picha, nikaambiwa goti ni zima, ni umri tu, nikapewa dawa za maumivu. Nimerudi mara nyingi na jibu likawa lilelile. Mwaka jana daktari mmoja kijana alinilaza kitandani, akaukunja mguu akauzungusha, nikapiga kelele. Akasema, "Mama, ugonjwa hauko kwenye goti, uko kwenye nyonga." Ilipopigwa picha ya nyonga ikaonekana upande wa kulia umesagika, mfupa umekalia mfupa. Nikapewa rufaa Dar es Salaam, na bingwa wa mifupa akanieleza kuwa nilipofikia ni kubadilishiwa nyonga, niwekewe ya bandia.

Hali yangu sasa ni hii. Nachechemea, na natembelea mkongojo ninaoushika mkono wa kulia, upande unaouma. Siwezi kuchuchumaa chooni bila kushikwa. Swala naswali nimekaa kitandani. Kucha za mguu wa kulia nakatiwa na mjukuu. Usiku nikigeuka upande huo naamka. Cherehani nakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na kazi za harusi nimeanza kuzikataa.

Mwanangu mkubwa yuko Muscat, na ndiye mwenye uwezo. Yeye hataki kabisa nipasuliwe. Anasema upasuaji huo ni wa majaribio, na hicho chuma kinakaa miaka kumi tu kisha kinatolewa. Anasema pia mama wa rafiki yake alipasuliwa nyonga hakuinuka tena. Alinitumia fedha za kununua dawa kwa mtu anayeuza dawa za mifupa, unga wa kahawia, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Mshauri, sikudanganyi, siku ya tatu nilitembea mpaka sokoni bila mkongojo! Nilimshukuru Mungu nikajua nimepona. Naendelea nao tangu Ramadhani iliyopita. Lakini sasa nikikosa hata siku moja mwili mzima unauma na nguvu zinaniisha. Uso wangu umejaa, majirani wanasema nimenawiri. Sukari yangu, ambayo ilikuwa imetulia kwa vidonge, imepanda na kliniki wameniongezea dawa. Huko kliniki sijawaambia habari za unga. Nakula pia bamia na supu ya kongoro kwa wingi, maana nimeambiwa zinarudisha ute.

Binti yangu wa tatu, mwalimu wa Korogwe, anasema nikapasuliwe haraka, na yuko tayari kukopa. Wawili waliobaki wanamsikiliza kaka yao. Majirani nao wanasema kwa umri huu kisu ni kujitafutia kifo.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Fedha ambazo mwanangu angetoa kwa matibabu ni zile alizoweka kunijengea nyumba. Msingi umeshamwagwa. Naona haya kumwambia aache nyumba anitibu mimi mzee.

Nisaidie. Je, ni kweli huo upasuaji ni wa majaribio? Nikipasuliwa nitaweza kushona, kuswali na kwenda chooni kama watu? Au niendelee na unga mpaka nyumba iishe?

Mama Fundi, Tanga

Majibu

Shikamoo mama.

Nitaanza na unga, kwa sababu hilo halisubiri uamuzi wa nyonga.

Uso uliojaa ndani ya miezi michache, sukari iliyopanda bila sababu, nafuu iliyokuja kwa siku tatu, na mwili unaovunjika ukikosa kijiko kimoja: hayo yote kwa pamoja yananifanya nishuku sana kuwa ndani ya unga huo mmesagwa vidonge vya steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni. Hizi ni dawa halali za hospitali, na kwa magonjwa fulani zinaokoa maisha. Ila katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, wapo wauzaji wanaozichanganya kwenye dawa za "asili" kimyakimya, kwa kuwa hakuna kitu kinachomfanya mgonjwa wa viungo aamini haraka kuliko hizo. Nyonga yako haikupona siku ile ya tatu, mama. Maumivu yalizimwa, ukatembea mpaka sokoni juu ya kiungo kilekile kilichosagika.

Sasa nisikilize kwa makini hapa: usiuache ghafla. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya aina hii hii, ambayo mwili unaitegemea hasa unapougua, unapoumia au unapopasuliwa. Homoni ikiingia kwa kijiko kila siku kwa miezi, tezi zile hulala. Ukikata mara moja, mwili unabaki bila ya kijiko na bila ya yake. Ndiyo maana siku unayokosa unalegea. Inaweza kufika mahali pa kutapika, presha kushuka na kuzirai, na mtu akafa. Kwa hiyo wiki hii hii, nenda na binti yako kliniki yako ya sukari ukiwa na kopo lenyewe la unga mkononi. Waambie umetumia tangu lini na vijiko vingapi. Daktari akikubaliana nami, atakuwekea vidonge vya kipimo kinachojulikana, kisha avipunguze polepole kwa ratiba. Kama kabla ya hapo utatapika, utalegea kupita kiasi au utaona kizunguzungu cha kuanguka, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Usione aibu kuwaambia. Wamekuongezea dawa ya sukari bila kujua kinachoipandisha, na unga ukipungua sukari nayo itashuka, wasipojua watakushusha kupita kiasi. Daktari wa ganzi na usingizi naye lazima ajue, maana mgonjwa wa namna hii hupewa kinga maalumu wakati wa upasuaji. Kuna na la tatu, ambalo ningependa mwanao wa Muscat alisikie: steroidi zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa na kubomoka. Yaani dawa iliyonunuliwa kuokoa nyonga ya kulia inaweza kuiua ya kushoto. Mwanao hakufanya hivyo kwa ubaya. Alitaka mama yake apone, akadanganywa kama wanavyodanganywa wengi.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, kuendelea na unga mpaka nyumba iishe, jibu langu ni hapana.

Sasa nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga kama mchi ndani ya kinu. Pande zote mbili zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza, na katikati kuna ute kidogo. Kinachosagika ni gegedu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikilika haioti tena kama ngozi inavyoota juu ya kidonda. Bamia na kongoro ni chakula kizuri, kula ukipenda, lakini tumbo linavimeng'enya kama linavyomeng'enya wali na samaki, hakuna njia ya ute wa bamia kutoka tumboni kwenda kwenye nyonga. Wanaokuambia "ute umeisha, rudisha ute" wanakuuzia tumaini kwa sehemu ambayo siyo iliyoharibika.

Na kwa nini goti liliuma? Neva zinazopita kwenye nyonga hushuka hadi gotini, na ubongo hushindwa kupambanua maumivu yametoka wapi. Mara nyingi nyonga huuma kwenye kinena, huuma kwenye paja, na kwa wengine huuma gotini tu. Naliandika hili kwa ajili ya wasomaji wengine pia: mzee wako akilalamika goti, picha ikaonyesha goti zima, na hawezi kukunja mguu kukata kucha au kupanda bajaji bila kuushika mguu kwa mikono, mwombe daktari aizungushe nyonga kabla ya kuandika "ni umri". Vijana wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wanastahili uangalifu huo zaidi, kwa sababu kwao kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa wakiwa bado na miaka ishirini na kitu, na wengi wao huzungushwa miaka kwa vidonge tu.

Majaribio? Hapana. Daktari Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, ndiye aliyeuweka upasuaji huu katika umbo tunalolijua. Yeye alipitia majaribio kweli: vikombe vyake vya kwanza, vya plastiki iitwayo Teflon, vililika haraka akalazimika kuvitoa kwa wagonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu ya poliethilini, na kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani yake. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ingawa plastiki imeboreshwa na vichwa vingine sasa ni vya seramiki. Mwaka 2007 jarida la tiba la Lancet liliuita upasuaji wa karne. Hapa kwetu unafanyika, ikiwemo kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, si lazima mtu apande ndege kwenda India.

Na hiyo miaka kumi aliyosikia mwanao ni hesabu ya zamani. Mwaka 2019 watafiti walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wengi wa Australia na Finland, wakaona nyonga bandia kama 58 katika kila 100 bado zilikuwa zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa miaka 15 ni kama 89 katika 100. Wewe una miaka 61, kwa hiyo inawezekana ikakutosha maisha yako yote, na inawezekana ukahitaji kurudiwa uzeeni. Kurudiwa ni upasuaji mgumu zaidi ya ule wa kwanza, hilo silifichi. Lakini tangu lini tumemwacha mtu alale macho usiku kwa sababu ya kitu kinachoweza kutokea akiwa na miaka 85?

Kuhusu umri, mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza alibadilishwa nyonga ya kulia mwaka 1995 akiwa na miaka 95, na ya kushoto mwaka 1998 baada ya kuanguka na kuvunjika, akiwa na 97. Alifariki mwaka 2002. Najua alikuwa na madaktari wa kifalme. Ninachosema ni kwamba madaktari hawaangalii tarehe ya kuzaliwa peke yake, wanaangalia moyo, mapafu, sukari, presha na nguvu za misuli. Miaka 61 si umri wa kuogopewa.

Hatari zipo, na ziseme mbele ya wanao wote ili asije mtu kuzisikia kwa jirani. Kubwa kwangu ni maambukizi: hutokea kwa mmoja au wawili hivi kati ya wagonjwa 100, lakini bakteria wakikaa kwenye nyonga bandia kuwatoa ni kazi ya upasuaji tena na dawa za muda mrefu. Sukari iliyopanda na steroidi ndizo zinazoongeza hatari hiyo, na wewe unazo zote mbili kwa sasa. Kuna damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana utapewa dawa ya kuzuia kuganda, mara nyingi kwa muda wa wiki tano hivi, na utainuliwa kitandani mapema. Kuna nyonga kuchomoka, hasa wiki za mwanzo. Kuna mguu mmoja kuwa mrefu kidogo kuliko mwingine, na mara chache neva kuumia. Kifo kinatokea, lakini ni nadra.

Mama wa rafiki yake mwanao simjui, ila katika wodi za mifupa nilizofanya kazi ya fiziotherapia, kitu nilichokiona kikiwanyima watu kuinuka mara nyingi hakikuwa kisu. Mgonjwa alicheleweshwa mpaka misuli ya makalio na paja ikanyauka, au alirudi nyumbani akahurumiwa: "mama asitoke kitandani, asije akaumia." Huruma ya namna hiyo inalemaza. Mgonjwa wa nyonga bandia husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na maumivu yakiwepo. Kama familia haiko tayari kumwona mama yao akitembezwa huku anakunja uso, basi haijawa tayari kwa upasuaji huu.

Msimamo wangu, basi, ni huu: fanya upasuaji, lakini si mwezi ujao. Binti yako ana haki katika neno "kapasuliwe", ila "haraka" yake ndiyo naipinga. Kwanza unga uondoke kwa ratiba ya daktari. Kisha sukari ishuke. Daktari ataangalia kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8 au karibu na hapo. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe, maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.) yatibiwe, wingi wa damu upimwe. Na sindano ya steroidi ndani ya nyonga, kama kuna atakayekushawishi, ujue kuwa nafuu yake ni ya muda na kwamba ukishachomwa upasuaji husogezwa mbele kama miezi mitatu kwa kuogopa maambukizi. Mtu mwenye sukari kama wewe hana faida nayo.

Miezi hiyo ya kungoja si ya kukaa bure. Kuanzia leo hamishia mkongojo mkono wa kushoto. Najua unaona ajabu, kila mtu hushika upande unaouma. Lakini mkongojo ukiwa upande mzima, ukaenda mbele pamoja na mguu mbovu, unaibebea nyonga sehemu kubwa ya uzito. Ukiwa upande uleule unakuegemeza tu na kuzidisha kuchechemea. Jaribu kwa siku chache utaona. Mkongojo wenyewe uwe na mpira chini, na kishikio chake kifike kwenye kifundo cha mkono ukisimama wima mikono ikining'inia.

Kila asubuhi, ukiwa chali kitandani na magoti yamekunjwa, bana makalio uinue kiuno kidogo, hesabu mpaka tano, shusha. Kaa kwenye kiti kirefu, nyoosha goti la kulia mpaka paja likaze. Inuka na kukaa kwenye kiti kwa kutumia mikono, maana mikono hiyo ndiyo itakayokubeba kwenye fremu ya kutembelea. Kuuma kidogo kunakotulia baada ya muda ni sawa. Kuuma kunakokunyima usingizi usiku ule kunamaanisha umezidisha. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha pakiti ndiyo ya kuanzia. Sindano na vidonge vya diklofenaki vya kujinunulia duka la dawa sikushauri, kwa sababu mtu mwenye sukari figo zake zinahitaji ulinzi, na ukivichanganya na steroidi tumbo linaweza kutoka damu.

Umeuliza kuhusu choo. Hili ndilo la kutengeneza kabla hujaondoka nyumbani, si baada ya kurudi. Katika wiki za mwanzo, kwa kawaida sita hadi kumi na mbili kutegemea daktari amepitia upande gani wa nyonga, utakatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne, na kugeuza mguu kwa ndani. Choo cha kuchuchumaa kinavunja sharti la kwanza. Mwite seremala akutengenezee kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kirefu kiasi kwamba ukikaa magoti yako yawe chini ya nyonga, kiwekwe juu ya choo, na ukutani kipigiliwe kishikio. Kitanda kiwe kirefu, godoro la chini hapana. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe njiani. Ndoo ya kuogea iwekwe juu ya stuli. Na mbuzi ya kukunia nazi, mama, hiyo waachie wajukuu. Kukaa kwenye mbuzi kunaikunja nyonga kuliko hata choo. Bodaboda pia usipande miezi hiyo. Baada ya hapo wengine huruhusiwa kuinama zaidi, ila kuchuchumaa kabisa muulize aliyekupasua, asikujibu fundi wa mtaani.

Swala haina tatizo. Utaswali kwenye kiti, ukisimama pale unapoweza, rukuu na sijda kwa kuashiria, sijda ikiwa chini kidogo kuliko rukuu. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo wazi: asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Muulize sheikh wako kama moyo hautulii, atakuambia hayo hayo. Wengi baada ya kupona hurudi kusimama na kurukuu vizuri, sijda ya chini ndiyo wengine huiacha.

Na cherehani. Hapa nina furaha kukujibu, kwa maana kazi ya kukaa ni miongoni mwa zinazorudiwa mapema. Kwa fundi wengi ni kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu. Inua kiti kwa mto mgumu, na mwanzo kanyaga kwa mguu wa kushoto kama unavyofanya sasa, au funga mota ndogo kwenye cherehani hiyo hiyo. Usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama ukazunguka chumba. Vitambaa usiviweke sakafuni, kuinama ghafla kuokota ndiko kunakochomoa nyonga.

Nimefika kwenye lile ulilosema linakuumiza. Mama, huombi anasa. Unaomba kutembea. Mtoto anayekujengea nyumba anakujengea uishi ndani yake, upike, uende chooni mwenyewe, ukae barazani na cherehani yako. Msingi uliomwagwa hauozi, unaweza kukaa mwaka na zaidi ukafunikwa vizuri. Misuli ya mguu haikai mwaka. Tena hesabu mwanao ametumia kiasi gani kwenye unga tangu Ramadhani, uiandike, umwonyeshe.

Kabla ya kusema fedha ni nyingi au kidogo, mpate bei kwa maandishi. Mwombe binti yako aulize hospitali hesabu kamili: nyonga bandia yenyewe, chumba cha upasuaji, ganzi, siku za kulala, damu, dawa za kuzuia kuganda, fiziotherapia. Mara nyingi watu hutajiwa bei ya upasuaji, wakashtukizwa na bei ya kifaa. Kama una bima, uliza kwa jina la upasuaji wanalipa nini na wewe unabaki na nini. Katika hospitali za umma kuna ofisi ya ustawi wa jamii, wapo kwa ajili ya watu wanaokwama na malipo, na hakuna aibu kubisha hodi pale. Mkopo wa binti yako uwe wa mwisho, baada ya hayo yote.

Daktari naye ana maswali yake ya kuulizwa. Anafanya nyonga ngapi kwa mwaka? Ataweka ya aina gani, ya kugandishwa kwa saruji ya mifupa au ya mfupa kuota juu yake, na kwa nini hiyo kwa mfupa wako? Ikichomoka au ikiingia usaha usiku, nampigia nani? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Na mkitoka, dai kadi au stika yenye namba za kifaa, uiweke na vyeti vyako. Atakayeifungua nyonga hiyo miaka ijayo ataihitaji.

Kuhusu wanao kugawanyika, itisha kikao cha simu, wote wanne, ukiwa umeshatoka kliniki. Anza wewe kuzungumza, si binti. Waambie usiku wako ulivyo, choo kilivyo, harusi ulizozikataa. Nadhani mwanao mkubwa hajui hata nusu, kwa kuwa nakujua wamama wa pwani, simu ikilia mnasema "hatujambo, alhamdulillahi." Kisha mwombe aongee na daktari bingwa moja kwa moja, aulize mwenyewe habari za miaka kumi. Ila fomu ya ridhaa, mama, ni yako. Una akili timamu, mguu ni wako, na sahihi itakayokubali au kukataa ni yako kabla ya ya mtoto yeyote.

Baada ya upasuaji, shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi zikikata, homa ikipanda, kidonda kikitoa majimaji, au mguu ukafupika ghafla kwa maumivu makali, rudini hospitali bila kungoja asubuhi.

Na mwanao akipata likizo, asiipoteze kwa kuja siku ya upasuaji kukaa kwenye benchi la hospitali. Aje siku utakayoruhusiwa kurudi Tanga, akae wiki mbili. Muda huo ndio utakaohitaji mtu mwenye nguvu wa kukushika ukiingia kwenye gari, kukutembeza asubuhi na jioni, na kukataa pale utakaposema leo nimechoka.